The Spinners: ile sauti ni ya nani hasa, na nianzie albamu ipi?

Dogo_Buguruni

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Naomba msaada wa wajuzi wa muziki wa zamani. Mimi ni mtoto wa Bongo Fleva, soul imenifikia kwa mlango wa filamu. Mnaikumbuka Avengers: Infinity War ya 2018? Pale wale Guardians wanapotokea kwa mara ya kwanza, wamo ndani ya chombo chao angani, wanaimba huku wimbo unapiga. Nikautafuta. Kumbe unaitwa The Rubberband Man, wa kundi la The Spinners, wa 1976. Toka siku hiyo nimenasa.

Shida ni kwamba kila nikisikiliza zaidi nachanganyikiwa zaidi. Kwenye I'll Be Around anaimba mtu mtulivu, mpole, hana papara. Kwenye Rubberband Man ni mtu mwingine kabisa, anacheka, anapayuka, anafanya anavyotaka. It's a Shame ina wa tatu, anapanda juu mpaka unamwonea huruma koo lake. Halafu kuna wimbo mmoja una besi nzito inataja saa. Mtandaoni kila ukigusa unakuta jina moja tu, Philippé Wynne, kana kwamba kaimba zote peke yake. Juu ya hapo kuna santuri zimeandikwa Detroit Spinners, nyingine Motown Spinners. Hili ni kundi moja au matatu?

Nataka kujua nani ni nani, na kama ningesikiliza albamu moja tu wikiendi hii iwe ipi. Asanteni.

Mkaa_Gheto

Dogo usijichoshe. Wynne NDIYE kundi. Wale wengine ni waitikiaji waliovaa suti za kufanana. Tafuta mkusanyiko wowote wa nyimbo zao bora, weka spika, umemaliza.

Mzee_wa_Santuri

Marahaba, Dogo. Swali lako nimelisoma nikasema hili halinipiti.

Mkaa_Gheto nakuheshimu, tumebishana hapa siku nyingi kwa amani, lakini leo unampoteza mtoto wa watu. Wynne alikuwa moto wa kuotea mbali, simkatai. Ila kundi lilianza 1954 na yeye aliingia 1972. Hiyo miaka 18 alikuwa anaimba nani, suti?

Nianze na majina maana ndilo jepesi. Ni kundi moja. Walikuwa vijana wa Ferndale, kando ya Detroit, jimbo la Michigan, na kwanza walijiita The Domingoes. Walikuwepo Billy Henderson, Henry Fambrough, Pervis Jackson, C.P. Spencer na James Edwards. Edwards hakukaa sana, akaja Bobby Smith, na huyu ndiye aliyewapa jina la The Spinners kwa kutazama vile vifuniko vinavyong'aa vya magurudumu ya magari. Detroit ni mji wa magari, jina lingetoka wapi tena? Sasa kule Uingereza kulikuwa na kundi la nyimbo za kienyeji kutoka Liverpool lililokwisha kujiita The Spinners. Ili watu wasichanganywe, santuri za hawa Wamarekani zikauzwa huko kwa jina la Detroit Spinners au Motown Spinners, Motown ikiwa kampuni yao ya santuri wakati huo, na walipoihama wakabaki Detroit Spinners. Yangu ya kwanza niliinunua kwa baharia pale Mombasa, na jaladani imeandikwa Detroit Spinners mpaka leo.

Tuje kwenye sauti. Mwaka 1961 walitoa That's What Girls Are Made For kwenye lebo ndogo ya Tri-Phi, ya Harvey Fuqua na mkewe Gwen Gordy, dada yake Berry Gordy wa Motown. Ilifika namba 27 kwenye chati ya jumla ya Marekani, si haba kwa vijana wasiojulikana. Wapo wanaodai aliyeimba pale ni Fuqua mwenyewe. Mimi nasema isikilize, kisha bila kupumzika weka I'll Be Around ya miaka 11 baadaye. Yule ni Bobby Smith pale na pale. Ile tabia ya kuliachia neno dakika ya mwisho, kama mtu asiyekimbizwa na ngoma, haifundishiki.

Tri-Phi ikamezwa na Motown, na wao wakaingia pamoja na mizigo. Hapo ndipo panaponiuma. Ndani ya nyumba ile walikuwemo Temptations, Four Tops, Miracles, Supremes. Wimbo mzuri ukiandikwa unawaangukia hao kwanza. Spinners wakapata I'll Always Love You mwaka 1965, namba 35, kisha Truly Yours mwaka uliofuata, kisha kimya. Muda wote waliokaa pale walitolewa albamu mbili tu, The Original Spinners ya 1967 na 2nd Time Around ya 1970. Katikati walifanya kazi za nyumbani mle: kuwaendesha wenzao, kuwasimamia wasanii wadogo safarini, kufunga santuri za kupelekwa madukani. Fikiria mtu mwenye sauti ya Bobby Smith anafunga kwenye maboksi nyimbo za wengine.

Yule anayepanda juu kwenye It's a Shame ni G.C. Cameron, aliyeingia 1967 baada ya kutoka jeshini. Wimbo ule aliutengeneza Stevie Wonder, akauandika na Syreeta Wright na Lee Garrett, na Stevie alikuwa ndiyo kwanza anafikisha miaka 20. Sikiliza lile gitaa la mwanzo. Namba 14 kwenye chati ya jumla, namba 4 kwenye R&B, mwaka 1970. Na hata hapo Motown waliutoa kwenye V.I.P., lebo yao ya pembeni, si kwenye ile kubwa.

Mwaka 1972 ndipo upepo ulipogeuka. Mkataba ukaisha, na inasimuliwa kwamba Aretha Franklin, mtu wa Detroit mwenzao, ndiye aliyewaambia nendeni kampuni ya santuri ya Atlantic. Cameron mkataba wake mwenyewe ulimbana akabaki Motown, akamleta binamu yake ashike nafasi. Binamu huyo ndiye Philippé Wynne wa Cincinnati, aliyekuwa amekwisha kupitia mikononi mwa mpiga besi Bootsy Collins. Mambo ya ukoo hayo, kama bendi zetu tu.

Atlantic walimpa mtayarishaji Thom Bell wa Philadelphia orodha ya wasanii wao, wakamwambia chagua. Bell huyu alisomea piano ya muziki wa Ulaya tangu mdogo, na alishawatengenezea Delfonics na Stylistics nyimbo zilizotamba. Angeweza kuchagua jina kubwa. Akachagua Spinners. Akawapeleka Sigma Sound, studio ambayo wapigaji wake walijuana kwa kukonyezana: Earl Young kwenye dramu, Ronnie Baker besi, Norman Harris na Bobby Eli magitaa, Vince Montana vibrafoni, Larry Washington tumba. Zile tumba kwenye I'll Be Around ndizo zinazoubeba wimbo, ondoa tumba ubaki na barua ya kuachana.

Sasa Mkaa_Gheto kaa karibu. Santuri ya kwanza ya Atlantic ilikuwa na How Could I Let You Get Away upande wa mbele, anaongoza Wynne. Upande wa nyuma I'll Be Around, anaongoza Bobby. Kampuni ilimtanguliza mgeni. Watangazaji wa redio wakaigeuza wenyewe. Ule wa mbele ukaishia huko chini namba 77, ule wa nyuma ukapanda mpaka namba 3 kwenye chati ya jumla na namba 1 kwenye R&B. Mtu aliyekuwa kundini tangu enzi za Domingoes ndiye aliyewatoa.

Je, Wynne alikuwa wa nini? Wewe Dogo umekulia Buguruni, dansi unalijua. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anaeleza shida yake kwa mashairi yaliyopangika, kisha gitaa la solo linakata, sebene linaingia, watu wanaacha viti. Bell aliwapanga hivyohivyo. Bobby anaeleza kisa. Kisa kikishaeleweka, anaachiwa Wynne, na Wynne hana karatasi. Anabishana na waitikiaji, anarudia neno moja mpaka linapoteza maana na kupata nyingine, anacheka, anaombea. Isikilize Could It Be I'm Falling in Love: karibu wimbo wote ni Bobby, mwishoni kabisa ndipo Wynne anapoingia. Mighty Love ni vilevile, Bobby anafungua kisa cha kijana na msichana, na baada ya muda humsikii tena, Wynne amekwisha kuitwaa nyumba. Kwa kuwa wimbo unakuacha masikioni na mtu wa mwisho, watu wanakumbuka Wynne na kumsahau aliyewafikisha pale.

Zipo alizoongoza Wynne kweli, nisimdhulumu: One of a Kind (Love Affair), Sadie, Love Don't Love Nobody, na huo wako wa Rubberband Man. Huo Bell aliuandika na Linda Creed, akimfikiria mwanawe mdogo aliyekuwa mnene na kutaniwa na wenzake. Mwanzo ulikuwa wimbo wa mtu mnene, ukageuzwa ukawa wa mtu wa mpira, na mtoto akabaki na heshima yake. Ulifika namba 2. Ile unayosikia kwenye filamu imekatwa, ya kwenye albamu inapita dakika 7.

Bint_Makadara

Mzee shikamoo. Umefundisha vizuri, ila nyinyi wanaume mmehesabu sauti zote mkairuka ya kike.

Dogo, ule wimbo wenye besi inayotaja saa unaitwa They Just Can't Stop It (Games People Play), wa 1975, kwenye albamu ya Pick of the Litter. Besi ni Pervis Jackson. Ana mstari mfupi tu, anataja saa saba kasorobo basi, na kwa mstari huo watu wakampa jina la utani Mr. 12:45 likamganda maisha. Lakini yule mwanamke anayeingia kati yao ni Evette Benton. Si mwanachama wa kundi, alikuwa mmoja wa wanawake watatu waliokuwa wakiitikia Sigma Sound, na wenzake Barbara Ingram na Carla Benson. Wimbo wa namba 5 Marekani nzima, naye jina lake huwezi kuliona mbele ya jalada.

Na huyo Linda Creed mzee kamtaja akapita kama daladala isiyo na abiria. Creed ndiye aliyeandika maneno ya Ghetto Child pia. Dada wa Kizungu wa Philadelphia, anaandika maneno ya mtoto mweusi wa uswahilini anayekimbia kwao, na ukiyasikia kwa sauti za Bobby, Wynne na Fambrough wakipokezana hushtuki chochote. Alipatwa na saratani ya matiti angali kijana, katikati ya kuugua akaandika maneno ya The Greatest Love of All. Alifariki Aprili 1986 akiwa na miaka 37, na mwezi uliofuata Whitney Houston akaupeleka wimbo huo namba 1. Wimbo huo umeimbwa kwenye mahafali ya kila shule ya Mombasa, na sijawahi kumsikia mtu akimtaja mwandishi.

Swali kwa mzee: kisa cha mwimbaji Dionne Warwick na ile noti ya dola ni kweli au porojo?

Mzee_wa_Santuri

Marahaba Bi Makadara. Nimekubali kipigo cha Linda Creed, kinanistahili nusu. Nusu nyingine niliogopa kuandika gazeti.

Kisa cha dola Thom Bell alikisimulia mwenyewe. Walirekodi Then Came You mwaka 1974, Spinners na Dionne. Walipomaliza Dionne akakunja uso, wimbo haukumwingia. Bell akachana noti ya dola vipande viwili, kila mmoja akatia sahihi chake, wakabadilishana. Mapatano: usipofika namba 1, Bell ndiye anayerudisha kipande. Ukafika, Dionne akakituma cha kwake na maneno ya kuomba radhi juu yake. Ndio wimbo wa kwanza wa Dionne kushika namba 1 kwenye chati ya jumla, pamoja na nyimbo zote zile alizoimba miaka ya 60, na kwa Spinners ndio wa pekee mpaka leo. Kwenye santuri jina lake utaliona limeandikwa Warwicke, na herufi e mwishoni, hivyo ndivyo alivyoliandika kipindi hicho.

Na anayepokezana naye ni nani? Bobby Smith. Wynne anakuja mwishoni kufanya fujo zake. Mkaa_Gheto upo?

Kitoko_Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Mimi nawasoma toka Lubumbashi, na nashangaa watu wa pwani wanaongea Spinners bila kufika kwetu.

Hawa walikuja Zaire. Septemba 1974, tarehe 22 mpaka 24, ile tamasha ya Kinshasa kwenye uwanja wa 20 Mai, iliyopangwa iende sambamba na pigano la Ali na Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pigano likasogezwa mpaka 30 Oktoba, lakini wanamuziki walikuwa wamekwisha kufika na tamasha ikaendelea bila ndondi. James Brown, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba, Celia Cruz na Fania All-Stars, na wenyeji wetu Franco na TPOK Jazz, na Tabu Ley. Spinners katikati ya hao wote.

Picha zake zilikaa stoo zaidi ya miaka 30, halafu 2008 ikatoka filamu ya Soul Power. Mtafute humo. Utawaona Spinners jukwaani wanaimba One of a Kind, na kuna mahali Philippé Wynne anapanda ulingoni na Ali kwenye mazoezi, anaruka ruka, wanatupiana ngumi za mzaha. Ali anacheka. Ukiangalia miguu ya Wynne pale ndiyo utaelewa kwa nini huyu mtu asingeweza kuimba amesimama mahali pamoja.

Kitu kimoja niliwahi kukihesabu kwa kalenda. Then Came You ilishika namba 1 Marekani tarehe 26 Oktoba 1974. Siku nne baadaye Ali akamwangusha Foreman Kinshasa. Mwezi mmoja kabla ya hapo Wynne alikuwa anatupiana ngumi na huyo Ali.

Mzee wangu alikuwa mwanafunzi Kinshasa mwaka ule. Aliniambia watu wengi walimjia James Brown, na hao wenye suti hawakuwajua, ila walipoanza kucheza kwa hatua zao zile za pamoja uwanja ukatulia kuwaangalia. Mtu wa rumba anajua kazi ya hatua.

Mkaa_Gheto

Nipo mzee, nimekaa kimya nasikiliza kama ulivyoamrisha. Lakini jibu hili: kama Bobby ndiye nguzo, mbona Wynne alipoondoka nyimbo kali ziliisha?

Dogo_Buguruni

Wazee wangu na dada yangu asanteni, hapa nimepata shule nzima. Kitoko, hiyo filamu naitafuta leo hii. Nami niongeze swali juu ya la Mkaa_Gheto: Wynne aliondoka kwa nini, na nini kilitokea baadaye?

Mzee_wa_Santuri

Aliondoka mapema 1977. Alitaka njia yake, na kundi linalogawana kila kitu sawasawa si pahali pa kumweka mtu kama yule. Alitoa albamu yake Starting All Over mwaka huohuo, haikwenda mbali. Kisha akatua kwa George Clinton, kiongozi wa kundi la Funkadelic. Ukisikiliza (Not Just) Knee Deep ya Funkadelic ya 1979, zile sauti zinazozunguka zunguka juu ya mdundo, Wynne yumo. Vijana wa rapu walioukata ule wimbo vipande vipande, De La Soul wakiwemo, walikuwa wanakata na koo lake. Julai 1984 alikuwa anaimba kwenye klabu huko Oakland, California, akaanguka na shambulio la moyo, akafariki. Miaka 43.

Mkaa_Gheto, umesema nyimbo kali ziliisha. Siyo. Alikuja John Edwards, na mwaka 1979 wakatoa Working My Way Back to You wakaiunganisha na Forgive Me, Girl, chini ya mtayarishaji Michael Zager. Namba 2 Marekani, na Uingereza namba 1 mwaka 1980, jambo ambalo Wynne hakulifikia huko. Mwaka huo huo Cupid ikafika namba 4 pande zote mbili za bahari. Edwards ana koo pana kuliko wote waliotangulia.

Ila nitakupa haki yako, maana mtu asishinde kwa kelele. Hizo za Zager mimi huziweka kwenye sherehe, sizikalii chini kuzisikiliza. Ni nyimbo za watu wengine zilizovalishwa mdundo wa disko. Kilichokosekana si Wynne peke yake. Thom Bell naye alikuwa amekwenda, zile fidla na tumba za Sigma zimekwenda, na ule mpango wa mmoja kueleza na mwingine kuchemsha ukafa. Bobby na Wynne walihitajiana, na wote wawili walimhitaji Bell. Kuanzia 1972 mpaka 1976 watu watatu walikutana kwa wakati wake, ndiyo hesabu yangu.

Baada ya hapo nitakwenda haraka, maana ni habari ya misiba. Spencer alikwisha kufa 2004, yeye alishahama mapema akaimbia The Originals. Henderson aliondolewa kundini 2004 baada ya kudai mahakamani aonyeshwe vitabu vya fedha vya kampuni yao, akafa Februari 2007. Jamani, miaka 50 mnaimba pamoja halafu mnafika huko. Pervis Jackson alikufa Agosti 2008, Bobby Smith Machi 2013. Akabaki Henry Fambrough peke yake, yule wa sauti ya kati ambaye hata sisi kwenye mjadala huu tumemtaja kwa kupita. Aliendelea kupanda jukwaani mpaka 2023. Mwaka huo huo, baada ya kupitwa mara kadhaa, wakaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki huko Marekani: Fambrough, Smith, Jackson, Henderson, Wynne na John Edwards. Fambrough akaliona hilo kwa macho yake. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 85. G.C. Cameron hakumo kwenye orodha ile, na hilo nitaliita dhuluma mpaka nizikwe. Bila It's a Shame nani angewapokea Atlantic?

Sasa Dogo, albamu. Uliomba moja, nakupa moja: Spinners, ya 1973, ile ya kwanza ya Atlantic. Ina I'll Be Around, Could It Be I'm Falling in Love, One of a Kind na Ghetto Child, na hata How Could I Let You Get Away imo, uilinganishe mwenyewe na ule upande wa nyuma uliouzidi. Isikilize yote toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Mikusanyiko ya nyimbo bora ambayo Mkaa_Gheto anaisifia huwa inatumia zile fupi zilizokatwa kwa ajili ya redio, na ukikata Spinners unakata dakika za mwisho, yaani unamkata Wynne huyohuyo unayempenda. Ukiipenda hiyo nenda kwenye Mighty Love ya 1974, na humo Love Don't Love Nobody uisikilize usiku na hedifoni, ina zaidi ya dakika 7 na Wynne hapotezi hata moja. New and Improved ya mwaka huo huo kwa ajili ya Sadie na Then Came You. Pick of the Litter kwa ajili ya Bi Makadara. Usianze na za mwisho.

Bint_Makadara

Pick of the Litter kwa ajili yangu na ya Evette Benton. Ahsante mzee.

Dogo, ukifika Sadie uwe umeshampigia mama yako simu kwanza. Ni wimbo wa mtoto anayemkumbuka mama aliyekwisha kufa. Wynne anaanza kwa kuongea, hajaimba bado. Nilimwekea mamangu bila kumweleza maneno, akaniuliza huyu analia nini.

Dogo_Buguruni

Nimeipata ya 1973, niko wimbo wa tatu. Mzee, ukiacha Mighty Love, kuna wimbo wowote ambao Bobby na Wynne wanapokezana toka mwanzo, si mmoja kumsubiri mwenzake?

Mzee_wa_Santuri

Ghetto Child, kama alivyosema Bi Makadara. Bobby, Wynne na Fambrough kila mmoja ana zamu yake. Ukitaka kujifunza kuwatofautisha, hapo ndipo darasani. Wa sauti nyororo ni Bobby. Anayeikwaruza ni Wynne. Yule mzito wa kifuani, asiyekuwa besi wala sauti ya juu, ndiye Fambrough. Rudia mpaka uweze kuwaita majina wimbo ukiendelea.

Mkaa_Gheto

Nimeisikiliza Could It Be I'm Falling in Love mara mbili mfululizo nikifuata maelekezo ya mzee. Bobby nimemsikia, nampa maua yake. Lakini Wynne alipoingia pale mwishoni jirani kagonga ukuta, na mimi nikaongeza sauti. Kura yangu haijahama.